Maji nyuma ya ngoma ya sikio la mtoto: yanapimwaje hasa?

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Niko Wete. Kijana wangu ana miaka minne na nusu. Miezi miwili sasa mafua yakimwacha wiki hii yanamrudi wiki ijayo. Hana homa na halalamiki sikio, lakini televisheni anaiweka juu mpaka tunagombana, na ustadhi wake chuoni anasema akimwita mara mbili tatu haitiki. Kituo cha kwanza walimtazama wakasema sikio jekundu, lina maji ndani. Akapewa antibiotiki na dawa ya matone. Baadaye nikampeleka kwengine, akatazamwa kwa taa, nikaambiwa masikio mazima, mtoto ana utundu tu. Jirani ananiambia nimtie mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, na nimkataze kuoga pwani. Nani kasema kweli? Maji hayo hujulikana kwa kipimo gani? Na inafaa nivuke naye kwenda Unguja?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwa uliyoyaeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwanao ana maji nyuma ya ngoma ya sikio, pengine masikio yote mawili. Lakini wote wawili waliomtazama wametoa jibu bila ya kufanya kipimo kinachotoa jibu. Wa kwanza ametegemea wekundu, na wekundu si dalili ya maji. Wa pili hakuona wekundu wala usaha akasema sikio zima, na sikio lenye maji mara nyingi halina wekundu wala usaha. Hakuna aliyejiuliza jambo moja: ngoma ya sikio la mtoto huyu ikisukumwa kwa hewa, inacheza au haichezi? Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Kwanza, ni maji gani haya. Si ya kuoga wala ya bahari. Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo ambacho kwa kawaida kimejaa hewa. Hewa hiyo huingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua, na mrija hufunguka tunapomeza mate au kupiga miayo. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala, hauna mteremko kama wa mtu mzima. Mafua yakiuvimbisha, au nyama za nyuma ya pua zikiwa kubwa, hewa haipiti. Ile iliyomo ndani hunyonywa na utando wa chumba, ngoma huvutwa ndani, kisha utando wenyewe huanza kutoa majimaji, mara mepesi ya manjano, mara mazito ya kunata. Hayatoki nje kwa sababu ngoma haijatoboka, na kwa sababu hiyo hiyo ya nje hayaingii. Mtoto mwenye ngoma nzima aoge pwani atakavyo. Bahari haiongezi hata tone. Watoto wengi hupitiwa na hali hii kabla ya kuanza skuli. Makadirio hufika 90 katika kila 100. Kwa hiyo hujafanya kosa lolote la malezi.

Hali hii ni tofauti na uambukizi mkali wa sikio la kati, ingawa kila siku huchanganywa. Katika uambukizi mkali mtoto hulia sikio, mara nyingi ana homa, na ngoma hufura kuelekea nje kwa shinikizo la usaha. Huo ndio wenye haja ya dawa ya maumivu, na mara nyingi antibiotiki. Maji ya kimya hayana maumivu makali wala homa, na ngoma haifuri. Imekaa pake au imevutwa ndani. Hali moja huweza kuiachia nyengine nafasi: uambukizi mkali ukishapona, hata ukiwa umetibiwa vizuri, maji hubaki kwa watoto kama 40 katika 100 baada ya mwezi mmoja, 20 baada ya miezi miwili, na 10 baada ya mitatu. Anayemtazama mtoto wiki tatu baada ya uambukizi akaona maji, kisha akaandika antibiotiki ya pili, anatibu kitu ambacho kimeshaondoka.

Sasa twende kwenye utazamaji wenyewe. Mtoto wa umri wa mwanao akae mapajani mwako ubavu, miguu yake iwe kati ya magoti yako. Mkono wako mmoja umkumbatie pamoja na mikono yake, mwengine ukilaze kichwa chake kifuani pako. Asipokamatwa hivyo atashtuka, koni ya otoskopu, yaani ile taa ya kutazamia sikio, itamchubua, na baada ya hapo hakuna atakayelikaribia sikio lake tena. Mtazamaji huvuta sikio nyuma na juu ili njia inyooke. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hulivuta nyuma na chini. Kama nta imeziba, itolewe kwanza na mwenye kujua, kwa kijiko maalumu au kwa kulainishwa. Kuona robo ya ngoma kwenye ukingo wa nta si kuona ngoma. Na tafadhali, vijiti vya pamba usivitumie nyumbani: huisukuma nta ndani mpaka inaziba kabisa, na siku ya kipimo kila kitu kinaharibika.

Ngoma nzima ina rangi ya kijivu inayong'aa, unaweza kuona kupitia kwake, na mkono wa kijifupa cha kwanza unaonekana umeshuka katikati. Ngoma yenye maji nyuma yake huwa imefifia, imekuwa manjano iliyoiva au ya buluu-kijivu. Kijifupa huonekana kifupi na kimelala zaidi, na kile kinundu chake cha juu hutokeza kwa sababu ngoma imevutwa ndani. Ukibahatika utaona mstari wa maji au mapovu, na hapo hakuna tena shaka. Tatizo ni kwamba bahati hiyo ni ya wachache. Chumba kikijaa kabisa hakuna mstari wala povu, na rangi peke yake inadanganya. Mtoto akilia, mishipa ya ngoma hujaa damu na sikio zima huwa jekundu. Betri za otoskopu zikichoka, taa hutoa mwanga wa manjano na ngoma nzima huonekana ya manjano. Wengine hufundishwa kutafuta kimuliko cha taa kwenye ngoma: kikiwepo waseme zima, kikikosekana waseme gonjwa. Kimuliko hicho hakina uaminifu hata kidogo. Kinaweza kuwepo penye maji na kukosekana pasipo na maji, na ningependa tuache kukifundisha kama kipimo.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa masikio inataka otoskopu yenye kipira cha hewa iwe kipimo cha kwanza. Otoskopu nyingi zina kitundu pembeni mwa kichwa chake cha kuchomekea mpira mwembamba wenye kipira cha kubonyeza mwishoni. Ni kifaa cha bei ndogo, hakihitaji umeme, na chaweza kutumika kwenye kituo chochote Pemba chenye otoskopu nzima. Kichwa cha otoskopu lazima kiwe kile chenye kioo kilichofungwa. Kile cha upasuaji, chenye kioo cha kusogezwa pembeni, kinavujisha hewa.

Kazi yake ni nyepesi kuifahamu. Dumu tupu lililofungwa ukilibonyeza kwa kidole linabonyea na kurudi. Lililojaa maji mpaka mdomoni halibonyei. Ngoma ya sikio ni hivyo hivyo. Mtazamaji huchagua koni kubwa kuliko zote inayoingia bila ya kuumiza, kwa kawaida ya milimita 4 kwa umri wa mwanao na 2.5 kwa kichanga, aizibe njia ya sikio barabara, kisha abonyeze kipira kidogo sana huku jicho lake liko kwenye ngoma. Ngoma yenye hewa nyuma yake huingia ndani kidogo na hurudi akiachia. Yenye maji haichezi, au hucheza kwa uzito na kidogo mno. Kipimo hiki, kilipolinganishwa na kufunguliwa kwa ngoma chumba cha upasuaji, kilikamata masikio 94 katika kila 100 yenye maji, na kikayatambua 80 katika kila 100 yasiyo na maji. Kutazama kwa jicho bila ya hewa hakufiki hapo.

Lakini hukosewa, na makosa yake yanajulikana. La kwanza na kubwa ni kuvuja. Koni ikiwa ndogo, hewa inatokea pembeni, ngoma haichezi, na mtoto mzima huandikwa ana maji. Kabla ya kuingiza, mtazamaji azibe ncha ya koni kwa kidole na abonyeze kipira: kikibonyea kwa ulaini bila ya kugoma, mahali fulani panavuja, ama kwenye kioo, ama kwenye mpira, ama kwenye maungio ya koni. Kipande kifupi cha mpira laini kikivishwa kwenye koni husaidia kuziba. La pili ni kubonyeza kwa nguvu. Mtoto huumia, hupiga ukelele, na mchezo umekwisha. Inatosha kubonyeza kwa ncha za vidole viwili. La tatu ni la ufundi zaidi na hata wenye uzoefu hulisahau. Ngoma iliyovutwa ndani sana haiwezi kuingia zaidi, kwa hiyo ikisukumwa haionekani kucheza ingawa nyuma yake mna hewa. Dawa yake ni kubonyeza kipira kidogo kwanza, kuingiza koni na kuziba, halafu kuachia. Hapo hewa hunyonya, na ngoma ikija nje basi mrija umeziba lakini maji bado. La nne: ngoma iliyotoboka nayo haichezi, maana hewa inapita tundu. Anayeona ngoma haichezi aitafute tundu kabla ya kuandika neno maji.

Ukirudi kituoni, uliza kwa adabu, kwa maneno haya haya: "Daktari, ngoma inacheza ukipuliza hewa?" Akikwambia hawana kipira, si kosa lake, na angalau utajua kwamba jibu atakalokupa ni la kukisia.

Kipimo cha pili ni timpanometri. Mashine huziba sikio kwa kizibo laini, hupiga sauti nene ya mfululizo, herzi 226, na hubadilisha shinikizo la hewa kutoka juu mpaka chini ya kawaida huku ikipima ni sauti kiasi gani inayorudi. Huchukua sekunde chache kila sikio. Hakiumi na hakimtaki mtoto ajibu kitu. Kinamtaka atulie tu, asiongee wala kumeza. Inatoka karatasi yenye mchoro. Mlima wenye kilele karibu na sifuri huitwa aina A, na maana yake ngoma inacheza na hewa ndani ni sawa. Mlima uliohamia upande wa shinikizo hasi, chini ya dekapaskali −150 au −200 kwa kutegemea mpimaji, ni aina C: mrija haufanyi kazi vizuri, na maji yanaweza kuwepo au yasiwepo. Mstari uliolala bila ya kilele ni aina B, na huo ndio unaotajwa kwa maji.

Msisome herufi peke yake. Pembeni mwa mchoro kuna namba ya ujazo wa njia ya sikio kwa mililita, na aina B bila ya namba hiyo haina maana. Kwa mtoto mdogo ujazo wa kawaida ni kama 0.3 mpaka 1.0. Mstari umelala na ujazo ni wa kawaida: maji. Mstari umelala na ujazo ni mkubwa, tuseme 2.0: mashine inapima njia ya sikio pamoja na chumba cha nyuma, yaani ngoma imetoboka. Mstari umelala na ujazo ni mdogo mno, 0.1 au 0.2: kizibo kimegota ukutani mwa njia ya sikio au nta imeziba, na kipimo kirudiwe. Nimeona inafaa kuliandika hili kwa urefu kwa sababu karatasi hizo hupewa wazazi, na herufi B peke yake imewapeleka watoto wenye nta tu kwenye orodha ya upasuaji. Karatasi ya mwanao itunze, isitupwe. Ya mwezi huu ndiyo itakayolinganishwa na ya miezi mitatu ijayo.

Kwa kichanga wa chini ya miezi sita, sauti ya herzi 226 haifai. Kuta za njia ya sikio lake bado ni laini na hucheza zenyewe, hata mchoro ukaonyesha mlima mzuri penye maji. Kwake hutumika herzi 1000. Hili halimhusu mwanao, lakini wako watakaosoma wana vichanga.

Vipimo hivyo viwili vinasema kama maji yapo. Havisemi mtoto anasikia kiasi gani, na hilo ndilo litakaloamua kila kitu baadaye. Maji hupunguza usikivu kwa wastani wa desibeli 25 mpaka 28. Wako ambao hawapungukiwi na kitu, wako wanaofika 50. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja ni kama desibeli 60, kwa hiyo mtoto anayekosa 28 anakusikia ukisema naye jikoni, uso kwa uso. Anachokosa ni mwisho wa maneno, sauti za upole, na kila kisemwacho nyuma ya mgongo wake au penye kelele. Chuoni ni mahali pagumu kuliko pote: watoto thelathini wanasoma kwa sauti pamoja, yeye anafuata mkumbo na hapana anayetambua. Akisomeshwa peke yake, sin na shin zinamchanganya, tha anaitamka sin, na anaitwa mzito wa kufahamu. Hapo ndipo neno utundu linaponiuma. Mtoto hujibiwa kwa fimbo kwa jambo ambalo hakulisikia. Zungumza na ustadhi leo, usingoje kipimo: amkalishe mbele, karibu yake, amguse bega kabla ya kumwita, na amsomeshe herufi akiwa anamwona mdomo.

Usikivu wa mtoto wa miaka minne na nusu hupimwa kwa mchezo. Anavishwa spika za masikioni, na kila akisikia mlio anatia kijiti au mpira katika kikapu. Mpimaji hushusha sauti mpaka anapata ile ndogo kabisa anayoisikia, kila sikio, kila kimo cha sauti, kisha hurudia kwa kifaa cha kuwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sauti ya mfupani ikisikika vizuri na ya hewani ikawa imepungua, kizuizi kiko njiani, na maji yanaelezea. Zote mbili zikiwa zimepungua, pana jambo jengine la sikio la ndani ambalo maji yamelificha, na hilo halisubiri miezi mitatu. Chumba lazima kiwe kimya. Kipimo kilichofanywa mlango wazi, feni inavuma na watu wanapita, kinamwonyesha mtoto mzima amepungukiwa.

Kuna kipimo chengine cha haraka ambacho husikiliza mwangwi wa sikio la ndani, kile wanachofanyiwa watoto wachanga. Penye maji mwangwi hautoki nje, mashine inaandika hakupita, na wazazi hulia wakidhani mtoto ni kiziwi. Mashine hiyo inasema hakupita. Haisemi kwa nini. Uma wa sauti wa herzi 512, yaani chuma cha panda mbili kinachogongwa kikavuma, nao ni mzuri kwa mtoto mkubwa anayeweza kujibu sawasawa, lakini kwa umri wa mwanao majibu yake mengi ni ya kumridhisha daktari.

Nyumbani unaweza kumjaribu, si kwa ajili ya kuamua bali kwa ajili ya kujua hali inapanda au inashuka. Weka mbele yake shati, sahani, taa, kofia, paka wa mchezo. Simama nyuma yake kiasi cha urefu wa mkono, asikuone mdomo, mwengine amsuguesugue kwa kidole kile kinundu cha mbele ya sikio la pili ili lisisaidie, halafu nong'ona jina la kitu kimoja. Jaribu vitu vyote, kila sikio, na andika alivyopata. Rudia baada ya wiki mbili. Usikivu wa maji huenda na kurudi na mafua. Siku moja haitoshi kumhukumu.

Picha ya eksirei ya kichwa haionyeshi maji ya sikio. Inaonyesha ukubwa wa nyama za nyuma ya pua, na inafaa tu kama mtoto anakoroma na kupumulia mdomo. Kipimo cha damu hakina kazi hapa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha njia ya kutumia simu ya mkononi na koni ya karatasi: simu hutoa mlio na kusikiliza unavyorudi kutoka kwenye ngoma. Ni wazo zuri na siku moja litatufaa visiwani, lakini usilipie programu ya simu iliyomo mitandaoni kwa kudhani ndiyo hiyo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi, kwa sababu maneno ni machache. Antibiotiki, dawa za mafua na za aleji, steroidi za kumeza au za kupuliza puani, hakuna hata moja inayofaa kwa maji haya, na zote zina madhara. Dawa ya matone haipiti ngoma nzima. Ngoma ikiwa imetoboka, matone ya gentamisini yanaweza kuidhuru sehemu ya ndani ya kusikia na ya mizani ya mwili. Mafuta ya nazi na kitunguu saumu hayafiki kwenye maji; yakiwa ya moto yanaunguza, na yakiwa baridi yanabaki kumziba anayetaka kutazama. Mjibu jirani kwa wema, lakini usitie. Kuna jambo moja linaloweza kusaidia mtoto anayefahamu maelekezo: kufura puto maalumu kwa pua, upande mmoja kila mara, mara tatu kwa siku. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa 2015, kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, baada ya mwezi mmoja timpanometri ilirudi kawaida kwa 47 katika 100 waliofura puto, dhidi ya 36 wasiofura. Si muujiza, lakini halina madhara ya dawa. Na anayevuta sigara ndani ya nyumba avutie nje. Moshi unauvimbisha mrija.

Dawa kubwa iliyobaki ni tarehe. Maji mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu tangu yalipoanza, au tangu yalipoonekana kama mwanzo haujulikani. Wewe una mwanzo: miezi miwili iliyopita. Uandike kwenye kadi yake. Yakivuka miezi mitatu katika masikio yote mawili na kipimo kikaonyesha usikivu umepungua, hapo ndipo huzungumzwa kutiwa vijirija kwenye ngoma, ambavyo kwa kawaida hutoka vyenyewe baada ya miezi 6 mpaka 18. Kwa mtoto aliyetimiza miaka minne huzungumzwa pia kuondolewa nyama za nyuma ya pua, na wako wanaofaa kwa kifaa cha kusikilizia mpaka maji yaondoke.

Kwa hiyo wiki hii usivuke. Anza na hospitali ya hapo Wete, au ya Chake Chake, au Abdulla Mzee ya Mkoani. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya masikio na kama wana otoskopu yenye kipira. Ngoma ikiwa haichezi, subiri mwezi uliobaki, kisha atazamwe tena. Bado haichezi, ndipo uombe rufaa ya Mnazi Mmoja, na uulize kabla ya kupanda boti kama mashine za timpanometri na za kupimia usikivu zinafanya kazi. Zikiwa hazifanyi, muulize daktari kuhusu Muhimbili.

Wapo wasiongojeshwa miezi mitatu: mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, mwenye ugonjwa wa Down, aliyechelewa kusema, au mwenye tatizo la macho ambaye masikio ndiyo tegemeo lake. Na wapo wa kupelekwa siku hiyo hiyo: mwenye uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio au sikio lililosukumwa mbele, uso uliopinda upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, shingo ngumu na homa. Sikio linalotoka uchafu wenye harufu mbaya kwa siku 14 au zaidi nalo lina ugonjwa wake mwengine. Lipelekwe kwa daktari wa masikio upesi, kwani huenda ndani yake kuna ukuaji wa ngozi unaokula mifupa.

Siku ya safari chukua kadi, karatasi zote za mchoro, na majina ya dawa alizokwisha kumeza. Akiamka na mafua mabichi asubuhi hiyo na hakuna dharura, ahirisha wiki mbili ukiweza, kwa sababu mafua mapya hutia maji mapya, na utarudi Wete na mchoro uliolala usiojua ni wa miezi mitatu au wa siku tatu.